Tundu la Mafuta

Mwanangu, tundu lile nililiziba mimi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisema sikuliziba. Niliapa mbele ya mkutano wa kijiji, nikaapa mbele ya mama yangu, na nilipofika chuo kikuu na kujifunza kukana kwa lugha nzuri zaidi, nikawa sisemi chochote. Nakuambia wewe kwa sababu una umri niliokuwa nao siku ile, na ulimi mwepesi kama wangu.

Lilikuwa tundu dogo, punje moja ya mtama ingelijaza. Lilikuwa kwenye bapa la chensoo, ule msumeno wa injini. Bapa ni kile chuma kirefu ambacho mnyororo wenye meno hukizunguka. Ukingoni lina mfereji wa mnyororo, na karibu na injini lina tundu la kupitisha mafuta ili mnyororo usishike moto. Hilo ndilo somo lote la ufundi nililonalo, na alinifundisha mjomba wangu Nassoro.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya nyuma ya Tingi, kila familia ikiwa imeiacha mikorosho yake mbali. Kijiji kilipewa chensoo moja tu, ya kupasulia mbao za zahanati, na aliyeaminiwa nayo ni Mjomba Nassoro, kaka wa mama. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Baba aliposema niolewe, yeye alisema niende sekondari. Basi nikarudi likizo nimesoma kemia ya kidato cha pili, na hakukuwa na jambo duniani nisilolijua.

Mgeni mkubwa wa chama alikuwa anakuja kuona gogo la kwanza likipasuliwa. Nikamwambia mjomba kwamba bapa limechakaa, ni aibu, nitalipaka rangi isiyobanduka. Ningechukua rangi nyekundu ya unga, ile ya kusiliba sakafu, nichanganye na mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua ngozi, kisha niioke. Wazee walipaka mafuta hayo kwenye nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Mimi niliongeza unga na kiburi.

Mjomba alicheka. "Paka, mpwa wangu, lakini ubavuni tu. Mfereji usiuguse. Na tundu la mafuta lichomeke kijiti mpaka umalize kuoka."

Tanuri lilikuwa la Bi Mwajuma, muuza mikate. Aliponiona nimebeba chuma chekundu alipiga kelele: "Somoe! Msumeno unaolewa leo? Mbona umeupaka hina?"

"Unaolewa na mgeni wa chama, bibi."

"Haya. Mikate yangu ikinuka korosho, utaila wewe na huyo bwana harusi."

Kabla rangi haijakauka nilichora kwa msumari UHURU NA KAZI, chuma kikang'aa ndani ya herufi. Bapa lilitoka tanurini gumu na laini kama bakuli la enameli, na watu wakaja kulitazama, hata wagonjwa. Katikati ya kusifiwa huko ndipo nilipokumbuka kijiti. Sikukiweka. Rangi ilikuwa imetiririka mferejini, ikaingia tunduni, ikaiva humo humo. Mfereji niliukwangua mpaka mnyororo ukaweza kukaa. Tundu lilikataa.

Mjomba alipokuja kulichukua aliniuliza mara moja tu. "Tundu liko wazi?"

"Liko wazi, mjomba."

Hakulitazama. Mtu aliyekagua mnyororo wake jino kwa jino kila asubuhi hakuona haja ya kulikagua neno langu.

Kesho yake, mbele ya mgeni, chensoo ilikata kwa dakika chache, ikaanza kutoa moshi, kisha mnyororo ukakatika na kumrukia mjomba mkononi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki kwenye unga wa mbao. Mashine ikabiringika bondeni, kifuniko cha mafuta ya mnyororo kikafunguka njiani, na walipoiokota tangi lilikuwa kavu. Bapa lilikuwa limeungua jeusi. Uhuru haukuonekana tena. Lililosomeka ni KAZI.

Mkutano uliitishwa. Mwenyekiti alisema Nassoro hakutia mafuta, ameharibu mali ya umma. Mzee mmoja akauliza kama rangi ya binti isingeweza kuziba kitu. Nilisimama. Nilikuwa nimevaa sare ya shule, ingawa ilikuwa likizo. "Wallahi, tundu nililiacha wazi," nikasema, na watu wakaiamini sare.

Mjomba, mkono umefungwa khanga ya mama yangu, alisema, "Nilitia mafuta." Wakamwuliza tena. "Nilitia," akasema, polepole zaidi. Walipomwuliza mara ya tatu alitazama chini. "Nadhani nilitia."

Alinyang'anywa mashine. Akahamia Mitwero, akawa anashona makuti kwa vidole vilivyobaki, na hakugusa tena mashine yoyote, hata cherehani. Kila muhula aliniletea sabuni na madaftari. Niliyapokea, nikaandika humo insha za kusifiwa.

Nilidhani, mwanangu, kwamba nikikana ninajificha mimi tu. Sikujua kwamba uwongo ni lazima apatikane mtu wa kuubeba, na mara nyingi huwa ni yule anayekupenda, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Basi ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kwa sauti ya kutetemeka. Usingoje mpaka upate maneno mazuri. Mimi niliyasomea miaka mingi, na siku nilipoyahitaji sikutumia hata moja.

Simu za mkononi zilipofika Mitwero, binti wa mjomba alinipa namba yake. Nilipiga asubuhi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekunywa chai?"

"Mjomba, lile tundu la mafuta lilikuwa limeziba. Nililiziba mimi kwa rangi. Nilijua, nikakudanganya."

Nilisikia kuku wake, na mtu akitwanga.

"Lilikuwa limeziba kabisa?"

"Kabisa."

"Kwa hiyo nilitia mafuta."

"Ulitia, mjomba."

Nikamsikia akimwita mkewe, simu ikiwa mbali na mdomo, kwa sauti ile ya mara ya kwanza mkutanoni: "Mama Salima! Njoo! Nilitia mafuta!" Kisha akarudi, akipumua kama aliyekuwa anakimbia.

"Mungu akusamehe, Somoe. Mimi nimekusamehe. Lakini ungeniambia, mama. Ungeniambia tu. Mungu akujalie watoto wako wakuambie."