Ulimi wa Naima

Makame hakuwa na ulimi. Si kwamba alikuwa bubu. Maneno alikuwa nayo, tena ya kutosha kijiwe kizima. Ila mwaka ule watu walipokuwa wakijifukiza majani chini ya mablanketi, homa ilimpitia ikaondoka na ladha yake yote, na harufu ikafuata nyuma. Mchele wa Madibira, ambao wenzake wakifungua gunia tu wanasikia njaa, kwake ukawa kama kokoto safi. Na kazi yake ilikuwa kupika pilau.

Alipikia katika ile hoteli ya mabembea, nje kidogo ya Mbeya mjini, yenye gurudumu kubwa, treni ya watoto, na bwawa la kuteleza ambalo kwa baridi ya huku nusu ya mwaka halina mtu. Ukumbi wake wa chakula una kaunta zilizopangana kama vibanda vya sokoni: huyu chipsi, huyu nyama choma, huyu vyakula vya mboga tupu, na mgeni anazunguka na trei yake mpaka tumbo limchagulie. Wachimbaji wa dhahabu wa Makongolosi wakibahatika huleta familia nzima. Wengi waliishia kwa Makame.

Siri ya pilau ile ilikuwa kaunta ya jirani, ya juisi, ya mkewe Naima. Kila supu ilipochemka, Makame alivuka na upawa akamdondoshea mkewe kiganjani. Naima alilamba, akatazama dari.

"Mume wangu, umepika au umeosha mchele?"

"Kwani mbaya?"

"Mbaya ingekuwa afadhali. Hii haipo kabisa."

Kisha alikuja mwenyewe, akachota chumvi kwa ngumi, akakoroga, akalamba tena. "Sasa imesimama." Akarudi kwenye ukwaju wake. Hakuna aliyejua, hata Hardik, kijana wa Kihindi aliyekuwa meneja. Blandina wa chipsi alidhani ni mapenzi tu. "Nyie wazee mnalishana mchana kweupe," alikuwa akiwatania, "sisi wengine tuangalie wapi?"

Naima alifariki mwezi wa Shabani. Alikuwa anakamua ukwaju asubuhi, akasema kichwa kinazunguka, na kabla hawajafika hospitali ikawa imekwisha. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Alizikwa siku ileile baada ya sala ya alasiri, na udongo wa mvua ukang'ang'ania viatu vya waliombeba. Ukumbi mzima ulikuja msibani. Manjula, mama yake Hardik, aliketi na wanawake amejifunika mtandio, akalia kushinda ndugu wa damu.

Ramadhani ikaingia, Makame hakupika. Alifuturu peke yake, tende na maji, vyote vina ladha moja. Alimwomba Mungu subira. Ama hakupewa, ama alipewa asiisikie, kama asivyosikia vingine.

Siku mbili kabla ya Idi Hardik akampigia simu. "Mzee wangu, Idi bila pilau yako watu watanila mimi. Lakini kama bado moyo haujatulia..."

"Nitakuja."

Alikubali kwa sababu nyumbani kuta zilikuwa zinammaliza. Kama mkono wake bado ulijua kupika, basi alikuwa na jambo la kumtoa kitandani. Kama haukujua, alikuwa hana kingine.

Siku ya Idi akabandika sufuria kubwa. Chumvi akaitia kwa ngumi, kama alivyozoea kumwona Naima akifanya, akaongeza, akaogopa, akaacha. Supu ilipochemka akachota kwa upawa, na miguu ikampeleka yenyewe kwenye kaunta ya juisi. Ilikuwa imefunikwa shuka. Akasimama pale, upawa unadondosha sakafuni, mpaka akajitambua. Ndipo akaenda kwa Blandina.

"Mwanangu, hebu nionjee."

Blandina akafuta mkono kwenye aproni, akakinga kiganja, akalamba. Hakutazama dari. Alimtazama Makame, kofia yake, shati lake lisilopigwa pasi.

"Tamu, baba."

"Chumvi?"

"Imekolea. Tamu sana."

Basi akapakua. Foleni ikawa ndefu. "Idi mubarak, mzee, na pole sana," walimwambia, wakachukua trei. Sahani zikarudi tupu. Huzefa, Bohora mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu aliyewahi kurudisha sahani kwa ajili ya punje moja ya karafuu, akapunga mkono kutoka mezani: "Mashallah, Makame."

Hapo ndipo Makame akaweka upawa chini. Naima alikuwa akisema kwamba Huzefa akisifu kitu, ujue kuna maiti ndani ya nyumba.

Makame alikuwa amemwona Huzefa na kikopo cha chumvi tangu mwanzo, asishtuke, maana Mabohora huanza kula kwa kuonja chumvi kidogo. Sasa akaangalia vizuri. Huzefa alikuwa amegeuza bega, anainyunyiza juu ya wali. Meza ya pili kikopo kinapitishwa. Meza za dirishani vilevile. Vikopo vya kaunta zote vilikuwa vimehamia kwa walaji wa pilau, na kila mtu alikuwa anakificha kwa kiganja.

Makame akaenda mpaka pale. "Huzefa, haina chumvi."

"Nani kasema? Pilau safi."

"Niambie wewe. Wewe hujawahi kunihurumia."

Huzefa akaweka kikopo chini, hakumtazama. "Makame, udongo wa mkeo haujakauka. Leo nije nikudai chumvi?"

Akarudi kwa Blandina. "Ulionja ikawaje?"

Blandina akageuza chipsi ambazo hazikuhitaji kugeuzwa. "Ningesemaje, baba? Kwetu mfiwa hasutwi." Macho yakamjaa. "Kesho nitakwambia kweli."

Makame akaitikia kwa kichwa, ila alijua hataambiwa. Kesho binti huyu angeliona tena shati lile. Ukumbi mzima ulimpenda, na kwa upendo huo wangekula pilau yake ya maji mpaka naye azikwe, wakisema tamu. Mdomo uliompenda bila kumwonea huruma ulikuwa mmoja tu.

Hardik akaja anachekacheka, amebeba sufuria. "Mzee, imekwisha yote. Kesho Idi pili tuongeze sufuria ya pili?"

"Kesho tafuta mpishi."

"Mpishi? Watu wote wamesifu."

"Ndiyo maana," alisema Makame, akafunga gesi.

Siku ya Idi pili aliamka alfajiri, akaswali, akakaa ukingoni mwa kitanda. Adhana ya adhuhuri ilimkuta palepale.