Supu Kabla ya Raundi

Siku ya tano katika chumba cha wagonjwa mahututi, Baba alitolewa mpira wa kupumulia kooni. Sista, muuguzi wa zamu, akatuonya: asipewe chochote kwa mdomo mpaka daktari apime kama anameza sawasawa. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na amri isiyoelezwa sikuiheshimu. Hata kadi ya maswali ya sista niliidharau. Kila asubuhi kabla ya raundi ya madaktari alitusomea maswali yaleyale.

"Sista, haya si ya jana?"

"Na kesho nitayauliza. Huko chuo hamrudii kitu?"

Asubuhi iliyofuata Mama alitoka nyumbani, mtaa wa Tena, na thamosi ya supu ya kichwa cha mbuzi, alichokinunua mwenyewe soko la mbuzi la Kiamaiko. Kwetu mgonjwa akifungua macho hulishwa. Kumtazama tu ni kumfukuza. Sista alipokuwa kitanda cha pili, Mama akampa Baba vijiko vitatu. Baba akakohoa, akanong'ona, "Chumvi umewaachia majirani?" Tukacheka, nami kikohozi nikakisahau.

Sista akaja na kadi. "Amepewa chochote kwa mdomo?"

Mama alinitazama kama mtoto aliyekamatwa.

"Hapana," nikasema.

Akatia alama. Tulipotolewa nje, kupitia kioo niliwaona madaktari na wauguzi wamezunguka kitanda, kila mmoja akisema lake, kadi ikisomwa mstari kwa mstari. Mmoja wa mistari hiyo ulikuwa uongo wangu.

Saa nane mchana Baba akaanza kuhema. Nikamfuata sista, nikamwambia kweli. Hakunigombeza. Aliikata ile alama, akaandika upya, akakimbia kumwita daktari. Mpira ukarudishwa. Siku ya tatu baada ya hapo Baba akafa.

Daktari alisema supu iliingia mapafuni, ila huenda mapafu yalikuwa yameshaharibika kabla yake. Nimeligeuza hilo "huenda" miaka mingi, halijanipa kitu.

Matangani, wanawake wa kanisa walimzunguka Mama.

"Alikula mkononi mwangu," aliwaambia.

"Una bahati, dada. Wangu aliondoka na njaa."

Mama akakaa wima, mara ya kwanza wiki ile, akanigeukia. "Mwanangu, si ulimwona alivyokula?"

"Nilimwona, Mama."

Akaomba chai. Nikaenda jikoni kumletea.