Lotoko Ilivyokula Ini Langu

Ndugu zangu, mimi ni Mama Zaina wa hapa mtaa wa Kasuku. Mniache niseme nikiwa nimesimama, kukaa kunanishinda.

Kabla ya vita sikuonja pombe. Nilikuwa nauza mchele unaoletwa na treni kutoka Kibombo, jioni narudi kwa mume wangu Ramazani na watoto. Wakati ule wanywaji tuliowajua ni wazee na malafu yao ya mchikichi.

Vita ikaja. Treni ikasimama, mchele ukakosekana. Nikaanza kupika lotoko, pombe kali ya mahindi na muhogo, nyuma ya nyumba. Wanunuzi walikuwa askari, na waliogopa sumu. Kila chupa, mmoja wao alinisukumia kikombe: "Mama, kunywa weye kwanza. Tukuone."

Nilikunywa. Ilinichoma koo. Lakini nikagundua kwamba nikinywa, milio ya risasi inakwenda mbali. Basi nikawa nakunywa hata wasipokuja.

Vita ikaisha, mimi sikuacha. Ramazani alinisihi mpaka akachoka, akanyamaza. Miaka ikapita hivyo. Asubuhi, kabla ya kunywa, sikuweza kushika kijiko. Halafu miguu ikavimba, macho yakawa ya njano. Tumbo likajaa hata jirani mmoja akaniuliza nitazaa lini, na mimi nilikuwa na umri wa kuitwa bibi.

Dada yangu Feza akasema, "Hii njo uchawi. Twende kwa muganga."

Tukapewa majani. Tumbo likazidi. Asubuhi moja nikatapika damu, beseni zima. Ramazani akaniweka kwenye pikipiki, katikati yake na dereva, akanikumbatia njia nzima mpaka hospitali.

Daktari, mama mmoja mpole, akanibonyeza tumbo. "Mama, unakunywaka?"

"Kidogo."

"Hapana, dokta," Ramazani akasema. "Kila siku. Tangu vita."

Nilimchukia pale pale. Lakini neno lile ndilo lililoniokoa.

"Hakuna uchawi," dokta akasema. "Ini yako imekuwa ngumu, iko na makovu. Hayo hayatatoka. Lakini ukiacha kabisa, ile inayobaki inaweza kukubeba. Zamani nilipokea wazee. Sasa wanakuja vijana, wanakuja wanawake, juu ya pombe hizi za vifuko."

Wakanitoboa tumbo, maji yakatoka kwa mpira. Siku ya tatu bila pombe nilitetemeka mpaka kitanda kikatikisika, nikaona siafu wasiokuwepo wakipanda ukutani. Nilitaka kutoroka. Feza akasimama mlangoni: "Utanikanyaga mimi kwanza." Wauguzi wakanipa dawa, nikatulia.

Sijapona kabisa. Nameza dawa, nakula bila chumvi, usingizi unakatika, nazunguka uani. Lakini niko hai, na tone sijagusa. Namshukuru Mungu, dokta, Feza, na Ramazani aliyesema ukweli.

Wewe unayekunywa kila siku, usiache ghafla peke yako. Mwili unaweza kukuangusha. Nenda hospitali. Na wewe mwenye mgonjwa, sema mbele ya dokta, hata akikuchukia.

Juzi mwanamke mmoja muuza samaki alinivuta pembeni sokoni. "Mama Zaina, mimi pia," akaninong'oneza. Tulipatana aje hapa asubuhi hii, twende wote kwa dokta. Hajafika. Mniwie radhi, ndugu zangu, siwezi kumngoja zaidi. Nakwenda kumchukua kwake.