Bei ya Konokono wa Zambarau

Kitabu chenyewe nilikipata Mwingi, kwa mtu anayetandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara ya Garissa. Kilikuwa kizito na jalada lake lilikuwa limeng'oka. Ndani kulikuwa na orodha ya stempu za nchi nyingi, kila moja na picha yake ndogo na bei yake. Muuzaji alikuwa amekikalia muda mrefu, maana hakumjua mtu wa kukinunua, mpaka nikapita mimi.

Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo. Stempu zilinipata kanisani, siku tuliyosafisha stoo na mchungaji akasema makaratasi ya zamani yachomwe. Niliona bahasha zenye stempu za ndege na maua, nikasikia vibaya kuzitia moto. Nikazibeba nyumbani kwa lesso. Mume wangu alidhani ni mboga.

Jirani yangu wa dukani anauza vitambaa na vifungo. Wazazi wake walitoka pwani wakahamia Mwingi kwa biashara, yeye akazaliwa hapa, kwa hivyo Kikamba chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Marehemu baba yake alipokea barua nyingi za biashara, na kila stempu aliibandua na kuiweka kwenye kopo la biskuti. Alipoona albamu niliyoanza kuzipanga, jirani alilileta lile kopo, na tangu hapo wateja wakipungua alasiri tunakaa kwake au kwangu, tukipanga stempu na kubishana ni ipi inaendana na ipi.

Siku nilipoleta kile kitabu tulianza na Kenya. Tukafika kwenye stempu za makombe ya baharini, tukamwona konokono mmoja wa zambarau. Huyo tulikuwa tumemchoka. Kopo lilijaa yeye, na bahasha za kanisa pia. Jirani akafuata mstari kwa kidole mpaka kwenye bei, akanipa kitabu nisome mwenyewe. Nikasoma. Bei ilikuwa kubwa kuliko ya ndugu zake wote wa ukurasa ule, na ilikuwa kwa pauni za Uingereza.

"Dada," akasema, "tumekuwa tukichezea mali."

Hatukufanya kazi tena siku ile. Yeye alisema angeweka mlango mpya wa vioo dukani. Mimi nilitaka tangi kubwa la maji, maana kwetu mvua ikikosa, unaanza kupenda ndoo kuliko sahani. Jioni nilimweleza mume wangu, naye akatoka nje kupima kwa miguu mahali tangi litakapokaa. Kesho yake alimweleza ndugu yake, na Jumapili washirika walikuwa wanajua. Wakaanza kuniletea bahasha. Mama mmoja wa kwaya aliniletea lebo za chupa za dawa ya kikohozi akiuliza kama nazo zina soko. Mzee mwingine alileta cheti chake cha ndoa, kwa sababu kilikuwa na stempu ya serikali. Nikamwomba akirudishe nyumbani kabla mkewe hajakitafuta.

Mimi na jirani tuko kwenye kundi la simu la wapenzi wa stempu. Tulipotuma picha ya konokono wetu, tulijibiwa na mama mmoja wa Malili, kule kwenye barabara ya Mombasa. Alikuwa mwalimu wa bayolojia, akastaafu, akafungua hoteli ya chai na chakula. Alisema tusimuuzie mtu yeyote kwanza, tusibandue chochote, tuje tuone albamu yake.

Tulifunga maduka siku moja tukaenda. Hoteli yake ina meza chache, na madereva wa malori wanakula bila haraka. Alitukaribisha kama watu wa nyumbani. Hakutaka kuona stempu kabla hatujala, akatuletea muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na mboga, kisha chai. Baadaye alifuta meza moja kwa kitambaa chenye maji, akaipangusa tena kwa kikavu, akanawa mikono, ndipo akaleta albamu, kioo cha kukuzia maandishi na kibano kidogo cha kushikia stempu.

"Someni jina la konokono," akatuambia.

Chini ya picha kulikuwa na maneno mawili madogo ya kisayansi. Sisi tuliyaona siku zote bila kuyasoma. Mama wa hoteli akaeleza kwamba stempu ilipotoka mara ya kwanza, jina liliandikwa *Janthina globosa*. Baadaye jina likarekebishwa, nyingine zikachapishwa zikiwa na *Janthina janthina*. Konokono ni yule yule na rangi ni ile ile, lakini zenye jina la pili ni chache, na ndizo zenye bei ile kubwa. Kitabu kilikuwa na mistari miwili iliyofuatana, na sisi kwa furaha tulikuwa tumesoma mmoja tu.

Tukamwaga kopo mezani. Tulipokezana kile kioo, tukisoma mmoja mmoja. Globosa. Globosa. Globosa. Jirani alikuwa akisoma kwa sauti, na sauti ikaendelea kushuka mpaka akaanza kucheka mwenyewe. Kopo zima la baba yake halikuwa na hata janthina mmoja. Nikafungua albamu yangu nikiwa sina matumaini. Kwenye ukurasa wa pili, kutoka zile bahasha za kanisa, alikuwepo. Janthina janthina, na muhuri wa posta wa duara umempitia begani, herufi za Mwingi zikisomeka vizuri.

Nilimvuta karibu na kioo nimsome tena. Nikauliza kama basi ile bei ni yangu.

Mama wa hoteli alinieleza polepole, nadhani ndivyo alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi matokeo ya mtihani. Bei kubwa ni ya stempu isiyotumika, safi, gundi yake ya nyuma haijaguswa. Iliyotumika ina safu yake, na bei yake ni ya chini. Na hata hiyo ni bei ambayo mwenye duka la stempu angeomba, si ile ambayo angekulipa wewe. Nikauliza kwa nini basi hata stempu za kawaida kabisa, zinazojaa kila kopo, kitabu hakikuzipa bei ndogo zaidi.

Aliyejibu ni jirani yangu.

"Ni kama vifungo," akasema. "Mtu akija kununua kifungo kimoja, siwezi kumuuzia kwa bei ya pakiti. Lazima nikitafute, nikilinganishe na shati lake, nikifunge. Hapo ananilipa kazi, si kifungo. Na huyu janthina ni kile kitambaa cha kwaya yenu. Unakumbuka? Kiwanda kiliacha kukitengeneza, na mlikuwa mmebakisha nguo ya mtu mmoja. Mngelipa chochote."

Nilikumbuka. Kile kipande tulikisaka hadi Mbumbuni, na mwenye duka kule alipotuona nyuso zetu tu, bei ilipanda. Mama wa hoteli alicheka mpaka akaweka kioo chini. Alisema angetumia mfano huo tangu siku hiyo.

Kisha akafungua albamu yake mahali penye nafasi tupu. Janthina safi alikuwa naye, lakini aliyetumika na muhuri wa Ukambani hakuwa naye, na alikuwa amemtafuta tangu astaafu. Jirani alinikanyaga mguu chini ya meza nisiseme neno, akaanza kupatana kwa niaba yangu kama tuko kwake dukani. Alipomaliza, mimi nilikuwa na seti nzima ya vipepeo na ya madini, na jirani alikuwa ameongezewa stempu za makombe alizokosa. Mama wa hoteli alimlaza konokono mahali pake kwa kibano, akamtazama kwa muda mrefu. Kusema kweli sikumwonea wivu. Nilifurahi kuona nafasi ile imejaa.

Siku hizi tunaenda Malili kila tunapopata nafasi. Mara ya mwisho dereva mmoja wa lori alisimama nyuma yetu akauliza kama kweli kuna watu bado wanatumia stempu. Mama wa hoteli alimvutia kiti, akampa kioo. Dereva alikaa akitazama stempu ya zamani ya twiga mpaka chai yake ikapoa, na utingo wake akaja kumwita mara mbili. Dereva aliinua kidole tu kumwambia angoje, bila kugeuka, akafungua ukurasa mwingine.