Ua la Kwenye Foronya

Kwetu Kilosa mume na mke hawakusafiri pamoja bila sababu, na sababu zilijulikana: msiba, harusi, hospitali. Ukionekana stesheni na mumeo, mmevaa vizuri na mmebeba begi moja, watu walikupa pole kwanza, ndipo wakauliza ni nani. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia, huku anakoroga chai, "Mama watoto, nataka twende Dar, mimi na wewe tu, tukatazame picha," niliweka mwiko chini nikamtazama usoni.

"Picha gani?"

"Picha tu. Vinyago, majumba, vitu vizuri."

"Nani anaumwa?"

"Haumwi mtu."

Sikuuliza tena. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu mimi nilikuwa nimeyaona zamani.

Niseme kwanza sisi ni watu gani. Mume wangu alikuwa mchoraji wa mabango. Tulijuana siku alipokuja kuandika jina la duka la ushirika, nami nikasimama nyuma yake nikamwambia kwamba kivuli cha herufi zake kimeangukia upande usiofaa. Alishuka kwenye ngazi, akatazama, akafuta. Mimi nilikuwa mfumaji wa vitambaa: vya makochi, vya meza, vya redio. Baba zetu wote wawili walikuja kukata mkonge, kila mmoja akitoka mkoa wake, sisi tukazaliwa kambini, na nadhani kilichotuunganisha ni hicho tu, kwamba tuligombana juu ya rangi na wala hatukuchoka. Watu wengine walizungumzia bei ya sukari. Sisi tulibishana kama kijani kinaweza kukaa jirani na bluu.

Miaka ya ruksa ilipoingia, kazi zake zilishamiri. Duka la ushirika lilifungwa, na mahali pake vikaota vibanda, kila kimoja kikitaka bango. Rangi za mafuta ambazo zamani tulizisikia tu zikajaa madukani. Kisha akaitwa Mikumi. Pale barabara ya Iringa inapita na watalii wanakwenda mbugani, nyumba za wageni zilikuwa zinajengwa kila kukicha, na mama mmoja mtu wa kaskazini, mfanyabiashara, alitaka ya kwake ipambwe ndani na nje.

Akawa anakwenda anakaa wiki nzima, mara nyingine zaidi, anarudi kwa malori ya mizigo kupitia Zombo na Masanze, vumbi mpaka kwenye kope. Hilo silalamikii. Nililolalamikia ni kwamba chini ya vumbi alinukia sabuni. Sabuni ya kuogea, ile ya kutoka nje, yenye karatasi inayong'aa. Mtu amekwenda kupaka rangi ukuta, anarudi ananukia bibi harusi! Na aliimba. Mume wangu hakuwa mtu wa kuimba.

Kisha nikaona kanga. Nilikuwa natoa nguo zake begini nizifue, chini kabisa nikakuta kanga mpya, nyekundu iliyoiva, yenye michoro ya korosho nyeusi kwenye pindo. Upande mmoja tu. Kila mwanamke anajua kwamba kanga inanunuliwa doti, pande mbili zimeshikana, unakwenda kwa fundi unakata na kupinda. Hii ilikuwa imekatwa na kupindwa. Basi upande wa pili ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ana kiuno, na kiuno hicho kilikuwa Mikumi. Niliirudisha begini vilevile ilivyokuwa. Shoga yangu jirani, nilipomwambia, alifunga mdomo kwa kiganja. "Lisemwalo lipo," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa amesema kitu ila mimi.

Jioni ile niligeuza foronya.

Hili naweza kulieleza leo, kwa sababu wasichana wa siku hizi hawafumi tena, wananunua foronya za mtumba zenye picha za wanasesere. Zamani kambini kwetu wanawake wa kila kabila walikuwa wamechanganya unyago wao, na mwali alipofundwa alifundishwa kufuma foronya ya kitanda cha ndoa. Pande zote mbili unafuma ua lilelile la petali nane. Upande mmoja ua lina kitone cha njano katikati, upande wa pili katikati ni patupu. Ukiweka kitone juu, umemwambia mumeo karibu. Ukiweka patupu, umemwambia asubiri. Mwanamume haambiwi. Kungwi wangu alinikazia kwamba mume anazoea tu, kama ng'ombe anavyozoea njia ya mtoni, na siku akiambiwa, nyumba imevunjika. Ilikuwa siri ya wanawake na hatukuitoa.

Niligeuza patupu juu, nikaiacha hivyo. Mvua zikanyesha zikakatika, mahindi yakavunwa, kila alipokuja kutoka Mikumi alikuta patupu. Alikuwa analala chali anatazama dari, au anageuka anatazama foronya. Nikasema moyoni, ana pa kujishikiza ndiyo maana halalamiki.

Sasa mtu huyo ndiye aliyeniambia twende Dar tukatazame picha. Nilifikiri mambo mawili. Ama anataka kunionyesha mke mwenza kwa njia ya ustaarabu, mbali na dada zangu, ama ananipa starehe ya kuagana. Watoto nikawaacha kwa dada. Nikavaa gauni langu la harusi za watu, tukapanda treni.

Jijini alinitembeza kama mgeni wa serikali. Tulikwenda kwa wachonga vinyago, akawa anakaa chini kabisa vumbini ili aone kinyago kwa chini, anavyokiona mtoto. Tulikwenda jumba la makumbusho. Tuliingia ukumbi wa hoteli moja kubwa, tukaagiza soda moja, tukakaa nayo mchana kutwa tukitazama mlango wa nakshi, mpaka mlinzi akaja kuuliza tunamsubiri nani. "Hatumsubiri mtu," mume wangu akasema, "tunatazama mlango." Mlinzi akautazama na yeye, akarudi zamuni akigeuka nyuma. Tulitazama picha za rangi kali za tembo na ndege wenye macho makubwa, zimeanikwa ukutani kama nguo, na tukagombana juu yake kama zamani. Nikasema yule ndege ana shingo ya mbuzi. Akacheka mpaka akashika mti.

Nilifurahi, na nikajikasirikia kwa kufurahi. Kila mwanamke aliyetupita nilimkagua kiunoni. Mume wangu alitazama picha, mimi nilimtazama yeye anatazama wapi.

Nyumba ya wageni tuliyofikia, kijana wa mapokezi alituangalia juu mpaka chini. "Huyu ni nani wako?" akamuuliza mume wangu.

"Mke wangu."

"Wote wanasemaga hivyo, mzee." Akacheka. "Mmekuja kufanya nini?"

"Kutazama picha."

Kijana alicheka zaidi, akatupa chumba cha nyuma kabisa, karibu na mlango wa kutorokea, kwa wema wake. Mimi sikucheka. Nilisema moyoni, mwenzangu, hata wewe usiyetujua umeona kuna jambo.

Siku ya kurudi nilianza kukunja nguo nikijua tunakwenda stesheni. Mume wangu akasema, bila kunitazama, "Tupande basi. Tupitie Mikumi."

"Reli inatuteremsha Kilosa kwetu, wewe unataka tuzunguke Mikumi?"

"Nina kitu cha kukuonyesha."

Basi, imefika. Nilikunja nguo polepole. Nilikuwa na hofu, na siwezi kuipamba hofu hiyo kwa neno lingine. Nilimpenda mtu yule mwenye rangi kwenye kucha, na nilikuwa napelekwa kukabidhiwa habari kwamba si wangu peke yangu. Mbugani twiga walisimama kando ya barabara, abiria wote wakahamia dirishani. Mimi nilibaki natazama kisogo cha dereva.

Mikumi tulipokewa na mwenye nyumba, mama mtu mzima, mnene, mwenye miwani. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba mwanangu. Karibu, tumekungoja." Nilimtoa kwenye hesabu mara moja, huyu si yeye. Lakini uani kulikuwa na wanawake watatu wa usafi, vijana wawili na mmoja wa makamo. Waliponiona waliacha kufua. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Ndiye mwenyewe?" Wakajifunika nyuso kwa kanga, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Damu ilinipanda. Nikawahesabia viuno, mmoja baada ya mwingine, na kanga nyekundu sikuiona.

Mume wangu alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanipeleka mwisho wa ujia, akafungua mlango. "Chumba cha fungate," akasema. "Cha wale wanaokuja wawili wawili."

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kanga nyekundu. Ilikuwa dirishani. Ilikuwa pazia.

"Nusu nyingine ninayo begini," akasema. "Kila nikienda dukani kununua rangi naibeba nilinganishe. Hujaiona?"

"Sijaiona," nikasema.

Kisha nikatazama kuta. Mume wangu alikuwa amechora ua langu. Ua la petali nane, la kwenye foronya, kubwa kama ungo, limepangwa safu kwa safu toka sakafuni hadi darini, na jingine kubwa kuliko yote juu ya kitanda. Alikuwa amechora hata mshono, uzi kwa uzi, kwa brashi nyembamba. Sijaona kazi nzuri kama ile, si Dar, si popote. Na kila ua, kuta zote nne, katikati lilikuwa patupu.

Nyuma yangu mlangoni wale wanawake walikuwa wamejazana. Yule wa makamo, ambaye lafudhi yake tu ilinionyesha kambi ya mkonge aliyotokea, aliniinamia sikioni. "Dada," akanong'ona, "mumeo amewapambia bwana na bibi harusi chumba kizima kinawaambia wasubiri."

Kicheko kilinitoka, nikakimeza, kikanitoka puani. Wale wengine wakakimbilia uani, nikawasikia wanagaragara.

Mume wangu hakucheka. Alikuwa amesimama kama mtoto aliyeleta daftari kwa mwalimu. "Nilitaka uone za mjini kwanza," akasema. "Nilitaka ushibe, halafu uone hii, useme kweli ya Mungu. Ni mbaya?"

Mwenye nyumba, ambaye kwao hawana mambo haya, alinitazama na yeye anasubiri jibu. Ningesema nini? Kumwambia kosa ni kumwambia siri. Kunyamaza ni kumwacha achekwe na kila mwanamke wa Kilosa atakayelala pale. Makopo ya rangi yalikuwa bado kwenye kona. Nilifungua la njano, nikachukua brashi, nikapanda kitandani na gauni langu la harusi za watu, nikaweka kitone katikati ya ua lile kubwa.

Kule uani vigelegele vilipasuka, maana yule wa makamo alikuwa anachungulia.

"Unaharibu!" mume wangu akasema.

"Limekosa moyo."

"Mbona kwenye foronya halina?"

"Upande wa pili linao."

Alipangusa mikono yake isiyo na rangi. "Upande huo," akasema, "sijauona siku nyingi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu. Nikashuka kitandani. Nilielewa kwamba alichora alichokuwa anakiona, miezi yote ile amelala anatazama patupu nililomwekea, na bado aliona ni kitu kizuri cha kutosha kujaza chumba cha wapendanao. Nilitaka kulia, nikampa brashi. "Malizia mengine," nikamwambia. "Yote. Nitakukorogea."

Tulimaliza pamoja mchana ule. Tukagombana kidogo juu ya njano.

Nyumbani Kilosa tulifika kesho yake alasiri, nikapitia kwa dada kuchukua watoto, yeye akatangulia na begi. Nilipoingia chumbani kutandika, foronya ilikuwa imegeuzwa. Kitone kilikuwa juu. Sikuigeuza mimi, na watoto nilikuwa nao mkononi. Uani nilimsikia anaimba.

Nilikaa kitandani nikatabasamu kama mwali. Kisha tabasamu likaisha polepole, kwa kuwa siri ile mwanamume hazaliwi nayo. Inatoka kinywani mwa mwanamke. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, na dada hana. Na kama alikuwa anajua tangu zamani, zile kuta za Mikumi alizichora kwa kukosea, au alinipeleka mpaka Dar na kunirudisha ili nipande kitandani mbele ya watu nijibu?

Sijamuuliza mpaka leo, tumezeeka pamoja, kwa sababu kumuuliza ni kumwambia. Kitone nilikiacha juu. Lakini kila mwanamke wa rika letu akimwamkia njiani na kumchekea, mimi hutazama ni yupi aliyemwambia.