Bibi Mwaija na Mwiba wa Zuena

Hapakuwa na mtu Kang'ata aliyemshinda Bibi Mwaija kwa kicheko. Siku ya Uhuru alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Hata mwaka ule watu walipoambiwa waache nyumba zao na kuhamia kijiji cha ujamaa kando ya barabara, aliwaambia viongozi, "Basi nitafutieni jirani mwenye kinu, changu kimepasuka."

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha: damu. Bintiye alikufa kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, akamwachia kichanga. Kichanga hicho ndiye Zuena, mjukuu wake wa pekee, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa. Bibi alimwita "mke mwenzangu," kama mabibi wote wawaitavyo wajukuu wao wa kike.

Asubuhi moja wawili hao walirudi kwenye mahame yao kukata nyasi za kuezekea nyumba mpya. Zuena aliinua mganda wa nyasi, akapiga ukelele na kuukamata mkono wake. Bibi akamwona kifutu, mnene, mwenye rangi ya majani makavu, akijiburuta bila haraka chini ya mganda mwingine.

Kwa wazee wake, aliyeumwa haambiwi. Jina la nyoka likitajwa mbele yake, sumu huitika kama mbwa aliyeitwa na mwenyewe, ikakimbilia moyoni. 

"Mwiba huo, mke mwenzangu. Huna macho?"

"Ndiyo, Bibi," alisema Zuena, machozi yakimtoka. "Mwiba."

Jua lilipofika utosini, mkono ulikuwa umevimba hadi kiwikoni, ngozi ikang'aa kama bilinganya. Lori la mahindi liliwachukua mpaka Segera, na gari jingine likawafikisha hospitalini Korogwe. Njia nzima Bibi aliwatania abiria, ili Zuena asiione hofu yake.

Aliyewapokea alikuwa mganga kijana, Mshambaa kutoka Kerenge, jina lake Semboja.

"Shikamoo, bibi. Ameumwa na nini?"

"Marahaba. Mwiba."

"Mwiba gani wa kuvimbisha hivi?"

"Miiba ya kwetu Uzigua hiyo, baba. Ninyi Washambaa mmezoea kuchomwa na migomba."

Semboja alicheka, akamchoma Zuena sindano ya kuzuia usaha. Lakini tundu la sindano halikuziba. Damu ilichuruzika, pamba ikalowa. Ikawekwa nyingine, nayo ikalowa. Zuena alipotema mate, yalikuwa mekundu. Fizi zilikuwa zikivuja.

Utani ulimkauka Bibi mdomoni. Damu isiyokoma aliijua.

Semboja alitia damu kidogo ya Zuena kwenye kichupa cha kioo, akakisimamisha dirishani. "Damu ya mtu mwenye afya ikitulia huganda," alieleza, "kama uji uliosahauliwa. Tusubiri."

Walisubiri mpaka adhana ya alasiri ikasikika mjini. Semboja akakiinamisha kichupa. Damu iliteleza kama chai.

"Bibi, kuna kitu kimeila nguvu ya damu hii. Dawa ya sumu ninayo kwenye jokofu, ila ni kali, inaweza kumwangamiza asiyeihitaji. Siwezi kumpa aliyechomwa na mwiba. Niambie, nani kamuuma?"

Bibi alimtazama mjukuu wake, kisha akakitazama kichupa. Akisema, sumu itaitika. Lakini ile damu dirishani ilikwisha kuwa maji, na hapakuwa na mtu aliyekuwa ameiita sumu.

"Nyoka," alisema, akafumba macho. "Kifutu. Nilimwona mwenyewe."

Alingoja kusikia pumzi ya mtoto ikikatika.

"Hata mimi nilimwona, Bibi," Zuena alisema kwa sauti dhaifu. "Nilinyamaza usije ukazimia. Nani angenileta hospitali?"

Semboja alikuwa tayari amekimbilia jokofu.

Dawa iliingia mwilini tone kwa tone kwa mpira, na Bibi hakuondoka ubavuni pa kitanda. Taabu haikuishia hapo: baadaye ngozi ya kidole kilichoumwa ilioza na kubanduka, na kidole kikabaki kimepinda maisha yote. Hata hivyo asubuhi iliyofuata pamba ilibaki nyeupe. Semboja alileta kichupa kipya, akakiacha dirishani muda wa kutosha, kisha akampa Bibi akishike mwenyewe.

Bibi alikiinamisha kidogo. Akakiinamisha zaidi. Mwishoni akakipindua juu chini, mkono wake mwingine ukiwa umekingwa chini yake, kana kwamba angeweza kuidaka damu ya mjukuu wake isipotee. Haikuteremka hata tone.

"Mke mwenzangu," alisema, "tazama. Nzito kama uji wa Kishambaa."

Na kicheko chake kikaiamsha wodi nzima.