Fundi milango wa Kasense asiyefunga mlango wake

"Mimi siendi kumuua mama yako kwa mdomo wangu."

"Baba, hakuna anayekwambia umuue. Walishamuua."

"Nani alikwambia? Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa mgongoni kwako."

Fundi Adolfu anainamia ubao, anasukuma randa kwa nguvu mpaka maranda yanaruka na kumwangukia mwanawe miguuni. Ni saa mbili asubuhi, Kasense, pembeni ya mji wa Sumbawanga, mwezi wa saba. Baridi ya Ufipa mwezi huu haina mchezo, mtu akiongea moshi unamtoka mdomoni kama anavuta sigara. Hawa wawili moshi unawatoka kwelikweli, maana wamegombana tangu chai.

Otilia amesimama mlangoni na kitenge mabegani, futi yake ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Anashona sokoni mjini. Leo hajafungua kibanda, na anayejua biashara ya cherehani kipindi hiki cha kipaimara anajua kufunga kibanda siku kama ya leo maana yake nini.

"Saa nne wanaanza kusikiliza watu," anasema. "Wakili Winifrida kasema leo ndiyo mwisho. Kesho wanarudi kwao."

"Warudi salama."

"Baba."

"Nimesema warudi salama. Ni vibaya kumwombea mtu safari njema?"

Ukimwona Adolfu karakanani hapa mbele ya nyumba, hutamdhania mtu wa ugomvi. Ana kama miaka hamsini, mwembamba, penseli sikioni muda wote, hata kanisani. Anatengeneza milango. Vitanda anatengeneza, madirisha pia, ila jina lake mjini ni la milango. Mlango wa paini ukitoa bei ya mbao na misumari unamwachia kama elfu thelathini, na mwezi ukiwa mzuri anauza minne. Kuna nyumba nyingi Sumbawanga ambazo watu wanalala usingizi kwa sababu ya komeo alilolifunga yeye.

Sasa njoo kwenye nyumba yake mwenyewe. Mlango wa Adolfu haufungwi. Mchana uko wazi, usiku anaurudisha kidogo tu, halafu anaegesha jiwe usijifunge wenyewe. Majirani wamemtania mpaka wamechoka. Mwaka fulani mwizi aliingia taratibu kama mwenye nyumba, akachukua redio na viatu vya shule vya Otilia. Asubuhi Adolfu alimnunulia mtoto viatu vingine. Jioni akaegesha jiwe lilelile.

"Kwetu, mtu aliyetoka akiwa hai hafungiwi mlango mpaka alazwe kaburini," anasema, akipuliza unga wa mbao kwenye randa. "Sasa Marsiana, mama wa huyu mtoto, nimemlaza wapi?"

Kwao ni ng'ambo. Ukiteremka kutoka huku juu mpaka Wampembe, ukasimama ufukweni mwa ziwa siku isiyo na ukungu, unaiona milima ya Kongo. Adolfu alizaliwa chini ya milima ile, kijiji cha wavuvi na wachana mbao. Mama yake alikuwa mtu wa Wampembe, kwa hiyo huku ana wajomba na lugha anaijua.

Mwaka 2003 watu wenye silaha waliingia kijijini kwao asubuhi, siku ya soko. Habari yenyewe Adolfu huwa anaieleza kwa maneno machache, na hayabadilishi. Walikimbilia kwenye matete, yeye, mkewe Marsiana na mtoto ambaye alikuwa hata hajaanza kutembea. Walipofika majini Marsiana akamkumbuka mama yake, aliyebaki nyumbani maana miguu ilikuwa imemkataa. Akamfunga Otilia mgongoni kwa mume wake.

"Akaniambia, 'Weye tangulia na mtoto, miye nakuja,'" anasema Adolfu. "Basi. Hakusema kwaheri, maana hakuwa anaaga. Alisema anakuja."

Alimngoja kwenye matete mpaka jua linazama. Mtumbwi wa mwisho ulipojaa, wenzake wakamvuta mkono.

Waliorudi kijijini siku ile, hakuna hata mmoja aliyeonekana tena. Vita vilipotulia watu walikwenda kutafuta. Walikuta magofu, na nyuma ya soko shimo lililofukiwa ambalo mvua ilikuwa imelichimbuachimbua hata huwezi kusema huyu ni nani na yule ni nani. Adolfu naye alikwenda. Hakuona kanga anayoijua. Akarudi Ufipa, akaweka jiwe mlangoni.

Miaka ikaenda. Mahakama ya kimataifa huko Ulaya ikaja kumtia hatiani mkubwa wa wale watu, na baada ya rufaa zake ikasema waliodhurika walipwe fidia. Ndiyo iliyomleta Wakili Winifrida na wenzake hapa Sumbawanga wiki hii, kwenye ukumbi wa parokia, kuwasikiliza walionusurika waliotawanyika upande huu wa ziwa. Watu wa kijiji cha Adolfu wenyewe ndio walioamua sehemu ya kwanza ya fidia iwe nini. Walitaka jiwe kubwa ufukweni kwao, lenye majina ya waliouawa, na yasomwe kwa sauti, jina moja moja, mbele ya wote.

Jina haliandikwi hivihivi. Lazima ndugu asimame aseme: huyu alikuwa wangu, aliuawa siku ile. Asiye na ndugu kabisa, kijiji humsemea. Kwa Marsiana, ndugu aliyebaki ambaye alimwona siku ile ni mmoja tu, na sasa hivi anapiga randa kwa hasira.

"Yule mama wakili namheshimu," anasema Adolfu. "Kaja hapa, kakaa kwenye kigoda, kala mahindi yangu. Hakunilazimisha. Kaniambia, 'Kaka, ukisema hujui, nitaandika hujui.' Lakini jina haliingii."

"Umesikia mwenyewe," anadakia Otilia. "Haliingii. Watasoma majina ya wote, hata yule bibi aliyeuza chumvi sokoni kwenu, hamuujui ukoo wake lakini ana jina pale. Mama yangu hapana. Kama hakuzaliwa."

"Mimi namjua. Inatosha."

"Inakutosha wewe."

Hapo anatokea Masunga. Huyu ni mfugaji Msukuma kutoka Mollo, mzito, na fimbo yake begani. Anasimama uani, anaangalia mbao, anaangalia watu.

"Mwangaluka, fundi," anasalimia kwa Kisukuma. "Kitanda changu?"

"Kesho, Masunga."

"Kesho ya wiki ile au hii nyingine?"

Siku nyingine wangecheka. Masunga anaona hakuna anayecheka, anamtazama Otilia mwenye macho mekundu, anakaa polepole kwenye gogo. Fimbo anailaza chini.

"Samahani," anasema. "Endeleeni. Mimi sipo."

Adolfu anarudi kwenye randa. Halafu Otilia anaongea, safari hii kwa sauti ya chini, na sauti ile ya chini inamfanya Adolfu asimamishe mkono.

"Baba, mimi nimelala na mlango wazi maisha yangu yote. Baridi yote hii ya Ufipa imenipita mimi. Nilikuwa mdogo, nikisikia jani linapita nje najifunika uso, nasema huyo ni mwizi au ni mama? Sikujua nimwogope au nimkimbilie. Na wewe hukuwahi kuniambia hata alikuwa na sura gani. Kila nikikuuliza unasema, 'Utamwona akija.'"

Adolfu anaitazama randa.

"Mimi nashona," anasema Otilia. "Napima watu kutwa. Mtu nikimpima mara moja, hata apite mbali namjua, yule kiuno kadhaa, yule bega limeinama. Mama yangu mzazi sijui kipimo chake. Alikuwa mrefu? Mfupi? Niambie hicho tu, halafu usiende huko ukumbini, sitakusumbua tena."

Ili msomaji aelewe kwa nini swali hilo limempiga Adolfu vile, kuna jambo moja la kwao. Mtu akifia asikojulikana, mwili usipatikane, ndugu hukata gogo la mti urefu wake uleule, si zaidi si pungufu, wakalivika sanda, wakalizika na kulililia kama mtu. Baada ya hapo nyumba yake inafungwa mlango, matanga yanaanuliwa, na walio hai wanaendelea. Anayetoa kipimo ni yule aliyelala naye au aliyemzaa. Akishakitoa, hakuna kurudi nyuma.

Kumuuliza Adolfu urefu wa Marsiana ni kumuuliza hilo. Otilia kalelewa huku, mila za ng'ambo hazijui hata nusu. Kauliza kama mshonaji tu.

Adolfu anaweka randa chini. Anapangusa mikono kwenye suruali, muda mrefu, kama mtu anayekwenda kusalimia wakubwa. Anaufuata mlango wa nyumba yake, anasimama kwenye fremu. Anaweka kiganja kwenye kidevu chake, anakishusha kidogo, anakipandisha tena kidogo.

"Alikuwa akisimama mbele yangu hivi," anasema, "kichwa chake kinaingia hapa, chini ya kidevu. Akiwa na mzigo wa kuni lazima niiname nimpishe. Akacheka. Alikuwa anasema mimi ni mrefu wa bure, hata embe siwezi kumwangulia."

Anatoa penseli sikioni. Anachora mstari kwenye fremu, usawa wa kiganja.

Otilia anasogea. Anageuka, anaegemeza mgongo kwenye fremu, visigino ukutani, kama wanavyosimama wateja wake. Adolfu anatazama.

"Umempita," anasema. "Vidole viwili."

Anarudisha penseli sikioni. "Na umri umempita. Sikuwahi kufikiria hilo. Mimi namngoja msichana mdogo kuliko wewe."

Masunga pale kwenye gogo anavua kofia.

Otilia anashusha futi kutoka shingoni, anapima kuanzia chini mpaka kwenye mstari. Anaitazama namba, anaikunja futi palepale kwa kidole gumba isipotee. Ni baba yake anayemweleza sasa, kwa maneno mafupi, kile kipimo kwao ni cha nini. Otilia anasikiliza mpaka mwisho.

"Sikujua, baba. Ningejua nisingeuliza hivyo."

"Bora hukujua. Ungejua usingeuliza, na mimi nisingesema."

Basi wanakaa kidogo. Jua limeanza kupanda juu ya mikaratusi, umande unafuka kwenye mabati. Masunga anakohoa.

"Fundi," anasema, "mimi siku zote nilijua huo mlango bawaba zake zimekufa. Nikasema haya, mganga hajigangi."

"Bawaba nzima kabisa."

"Sasa mbona haufungwi?"

"Utafungwa."

Adolfu anaondoa jiwe. Anausukuma mlango ujifunge, haufiki. Mvua za miaka yote zimeuvimbisha kwa chini, unakwama kwenye kizingiti kama ng'ombe mkaidi. Fundi anacheka kwa pua. Kila mtu mjini kamfungia mlango, na wa kwake umesahau kazi yake. Anampa Masunga ishara, wanaung'oa kwenye bawaba. Masunga anaushika kwa mikono yake mikubwa, Adolfu anaupiga randa ubavu wa chini. Maranda yanatoka meusi, halafu ya kahawia, halafu meupe.

Anaongea huku anapiga randa, na safari hii anaongea kwa mpango.

"Leo nitasimama mbele yao nitasema kama ilivyokuwa. Nitasema alirudi kumchukua mama yake. Hilo waliandike, hakukamatwa akikimbia, alirudi kwa hiari yake. Nitasema aliuawa." Anameza mate. "Nitalisema. Mdomo utakubali tu."

Fidia ikija, anasema, ya fedha au ya namna yoyote, ni ya Otilia. Yeye anachotaka ni kuwepo siku watakaposoma majina. Kabla ya siku hiyo atakata mninga kwa kipimo cha penseli, mwenyewe, asimpe mtu msumeno. Watateremka nao mpaka Wampembe kwa wajomba. Watauzika juu ya ufuko, mahali ambapo ng'ambo inaonekana, na huko ndiko Marsiana atakakoliliwa.

"Amenisubirisha," anasema. "Na mimi nimemsubirisha. Mtu asiyeliliwa na yeye anachoka."

Hakuna haki, ukimuuliza, itakayoushinda ule mchana kwenye matete. Mkubwa wa wale watu yuko gerezani, analala, anakula, mlango wake unafungwa na mtu mwingine. Adolfu hajui kama hiyo inamfurahisha. "Inanipa nafasi ya kulia tu," anasema. "Kwanza ilibidi mtu aseme kwamba lilikuwa kosa. Walivyokuwa hawajasema, ilikuwa kama sisi ndio tuliopotea njia."

Wanaurudisha mlango kwenye bawaba. Masunga anachukua fimbo yake, anasema kitanda kitangoja, hata wiki ile nyingine. Otilia ameshatangulia barabarani kusimamisha bodaboda, futi bado kaikunja mkononi.

Adolfu anaingia ndani. Anatoka na shati la Jumapili, anafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Jiwe analitazama, analisukuma kwa mguu mpaka kwenye rundo la mbao mbovu. Anapitisha kiganja mara moja kwenye fremu, pale penye mstari.

Halafu anaushika mlango kwa mikono miwili, anaufunga.